Kasha la Diski Mjini Johannesburg

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na kasha. Lilikaa chumbani, la mbao nzito lililopigwa misumari ya shaba, na ndani yake mlikuwa na hati za shamba, cheti cha ndoa, dhahabu kidogo na barua za ndugu waliovuka bahari. Ufunguo ulifungwa pindoni mwa kanga ya mama mwenye nyumba. Sisi tulioishia Bondeni, katika mji wa Johannesburg, tulikuja na begi tu. Hata hivyo, ukiingia katika nyumba zetu za Yeoville au Mayfair, au katika duka dogo la kupiga picha na kutoa fotokopi, angalia pembeni mwa rauta ya intaneti. Huenda ukaona kisanduku cheusi cha ukubwa wa mkate wa boflo, chenye taa ndogo za kijani, kinavuma taratibu kama mzinga wa nyuki. Ndani yake mna diski mbili, au nne kwa mwenye uwezo. Kimeunganishwa na rauta kwa waya, na kila kompyuta na simu ya nyumba ile hukifikia kupitia mtandao wa ndani bila mtu kukigusa.

Tumeona ni vyema katika toleo hili tueleze kisanduku hicho kilitoka wapi, na kwa nini mji huu ulitufundisha matumizi yake kwa ukali. Maana vilivyomo si vitu vya mchezo: picha za kibali cha ukimbizi kabla wino haujafifia, video za harusi na maziko, mahesabu ya duka, daftari la chama cha kuzikana, sauti za kwaya, mawaidha ya masheikh. Kwa mkimbizi wa kutoka Bukavu au Uvira, picha ya karatasi yake ndiyo humwezesha kueleza yeye ni nani pale karatasi yenyewe inapoibwa au kulowa. Chini ya sheria ya wakimbizi ya 1998 mwombaji hupewa kibali cha muda kinachopasa kuhuishwa tena na tena, na ofisi ya kuwapokea iliyokuwa Crown Mines, hapa Johannesburg, ilifungwa mwaka 2011, watu wakalazimika kupanga foleni Pretoria. Picha ya kibali si kibali, na askari wa barabarani halazimiki kuikubali. Lakini ina namba, na faili hutafutwa kwa namba.

Diski yenyewe asili yake ni Marekani, mwaka 1956, kampuni ya IBM ilipotoa mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba takriban megabaiti 5, yaani picha moja au mbili za simu ya leo. Kwa miaka mingi mashine za ukoo huo zilikuwa mali ya serikali na makampuni makubwa. Hapa Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, mtu mweusi alizijua kwa upande wa kuhesabiwa tu: kompyuta zilizouzwa na IBM ya Marekani na ICL ya Uingereza zilitumika kuweka kumbukumbu za serikali za kuwagawa watu na kuwadhibiti kwa vitambulisho, jambo lililopigiwa kelele nyingi na wapinzani wa ubaguzi walioko nje. Kwa hiyo mtu wa kawaida kuwa na diski zake nyumbani, zikiwa na habari alizozichagua mwenyewe, katika mji huu si jambo dogo.

Safari ya kutoka jumba la serikali hadi rafu ya sebuleni ilipita kwa mafundi wengi. Mwaka 1984 kampuni ya Sun ilitoa njia ya kompyuta moja kusoma mafaili yaliyomo katika nyingine kana kwamba yako ndani yake. Mwaka 1988 wasomi watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala wakisema kwamba diski nyingi za bei nafuu, zikipangwa vizuri, zinaweza kufanya kazi ya diski moja ya bei mbaya, na hata moja ikifa mali isipotee. Mpango rahisi ni ule wa kioo: diski mbili huandikwa kitu kile kile. Mpango mwingine hutaka diski tatu au zaidi, na hutumia hesabu. Ukijua jumla ya mafungu na ukawa na mafungu yote isipokuwa moja, lile lililopotea utalijua kwa kutoa. Kisha mwaka 1992, huko Canberra, Australia, kijana Andrew Tridgell alianza programu iliyokuja kuitwa Samba, ambayo iliwezesha kompyuta isiyo ya Windows kuzigawia mafaili zile za Windows. Programu hiyo hutolewa bure. Bila ya hiyo, visanduku vya bei ya mtu wa kawaida vingechelewa sana.

Vilianza kuonekana madukani miaka ya mwanzo ya 2000. Linksys walitoa kidude chao cha NSLU2 mwaka 2004, kisichokuwa na diski ndani, unachomeka zako za nje. Synology na QNAP za Taiwan zikafuata na masanduku kamili. Na kwa asiye na fedha ya sanduku jipya, Mfaransa Olivier Cochard-Labbé alianzisha mwaka 2005 programu ya FreeNAS, iliyogeuza kompyuta yoyote kuukuu kuwa kasha. Mafundi wetu waliipenda mno, maana kompyuta kuukuu zilikuwa tele mjini, zikitupwa na maofisi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyoamua mambo Johannesburg.

Laini ya intaneti ya kasi, ADSL, ililetwa na Telkom mwaka 2002. Wakati huo Telkom peke yake ndiyo iliyokuwa na nyaya. Kasi ilikuwa kilobiti 512 kwa sekunde, na matumizi yaliwekewa mpaka wa gigabaiti 3 kwa mwezi. Tuchukue sasa mpiga video wa harusi. Kamera za kanda ndogo za enzi hizo zilimwaga takriban gigabaiti 13 kwa kila saa moja ya picha. Harusi yetu mnaijua: kuna kumtoa bibi harusi, kuna ndoa yenyewe, kuna ukumbini, na hakuna mjomba anayekubali kukatwa hotuba. Saa nane za picha ni kama gigabaiti 100. Kama angetaka kuzipeleka nje ya nyumba kwa laini ile, bila kufanya kitu kingine chochote, mpaka ule wa mwezi ungemfanya amalize baada ya miezi 33 na ushei. Bibi harusi angekuwa analea mtoto wa pili.

Kwa hiyo wale waliokuwa wakisema miaka ile kwamba mambo yote yahifadhiwe kwenye mashine za mbali walikuwa wakizungumza na watu wa nchi nyingine. Sisi ilitubidi tuhifadhi pale pale tulipo. Wengine walitumia CD, ambazo jua la dirishani liliziharibu. Wengine rundo la diski za nje, kila moja na waya wake, na hakuna aliyekumbuka harusi ya nani iko wapi. Kisanduku cha mtandao kilikomesha fujo hiyo. Mmoja akihariri picha chumba cha mbele, mwenzake akichapa chumba cha nyuma, wote wanachota kisima kimoja.

Hapa hatuwezi kumpita njiwa Winston. Mwezi Septemba 2009 kampuni moja ndogo ya KwaZulu-Natal, Unlimited IT, ilichoshwa na ucheleweshaji wa laini yake, ikamfunga njiwa kadi yenye gigabaiti 4 mguuni na kumrusha kutoka Howick hadi Hillcrest, karibu na Durban, mwendo wa kilomita 80. Njiwa alifika baada ya saa 1 na dakika 8. Ukijumlisha na muda wa kuingiza kadi kwenye kompyuta ilikuwa saa 2 na dakika chache, na wakati huo laini ilikuwa imefikisha asilimia 4 tu ya mzigo ule ule. Telkom walijibu kwamba ucheleweshaji wa kampuni ile haukuwa kosa lao. Nchi nzima ilicheka. Sisi wenye ndugu Dar es Salaam tulicheka kidogo tu, maana njiwa wetu walikuwa madereva wa mabasi na wasafiri wa ndege tuliowakabidhi diski zilizofungwa kwenye soksi.

Jambo la pili lilikuwa umeme. Mgawo haukuwa neno geni kwetu. Waliotoka Tanzania waliuonja vilivyo mwaka 2006, na wa kutoka Kongo hawakuwa na haja ya kuelezwa. Kilichotushangaza ni kuukuta Johannesburg, mji uliojengwa kwa dhahabu na kuwashwa taa usiku kucha. Januari 2008 Eskom ilizidiwa hata migodi mikubwa ikasimamishwa kwa siku kadhaa. Tangu hapo mgawo ulikuja na kuondoka. Desemba 2019 tulisikia kwa mara ya kwanza kitu kiitwacho hatua ya sita, na mwaka 2023, ambao ulikuwa mbaya kupita yote, kulikuwa na siku za kukaa gizani saa kumi na zaidi kwa mafungu. Ulisimama mwishoni mwa Machi 2024, ukarudi kwa vipindi vifupi mwaka 2025.

Diski haipendi hali hiyo. Sahani zake huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Umeme ukikatika ghafla, kichwa hukimbizwa mahali pake pa kulala, na diski za kisasa hilo hulimudu. Tatizo kubwa zaidi ni maandishi ambayo kisanduku kilikuwa kimeyashika kwenye kumbukumbu ya muda, hakijayateremsha bado kwenye sahani. Hayo hupotea, na yakipotea katikati ya orodha ya mafaili, orodha nzima huvurugika. Halafu kuna umeme unaporudi: huja kwa kishindo, na vifaa vya mtaa mzima vikiamka pamoja, kile kigao cha umeme cha bei rahisi nyuma ya kisanduku ndicho huungua kwanza. Kioo cha diski mbili hakisaidii hapo. Kioo hunakili kila kitu kwa uaminifu, na uharibifu nao hunakiliwa.

Dawa yake ilijulikana na wengi waliichelewa kwa sababu ya bei: betri ya akiba ya kompyuta, ile nzito kama tofali. Kazi yake kwa kisanduku ni dakika tano tu. Betri huunganishwa na kisanduku kwa waya wa USB, na umeme wa ukutani ukikatika humpa taarifa. Kisanduku huteremsha maandishi yake yote, hufunga mafaili, hujizima kwa adabu. Tunaijua nyumba moja ya Kensington ambako betri ilinunuliwa kabla ya friji, na mama wa nyumba alisema maneno ambayo hatutayaandika hapa.

Lakini lililotufunza zaidi halikuwa la ufundi. Tarehe 11 Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, kaskazini mwa mji, yakasambaa sehemu nyingi za Johannesburg na kisha miji mingine. Watu zaidi ya 60 waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo raia wa nchi hii hii. Makumi ya maelfu walihama makwao. Vituo vya polisi kama Jeppe na Cleveland viligeuka makambi. Mwenye duka aliyekimbia usiku ule alibeba watoto, na kama Mungu alimjalia, bahasha ya karatasi. Kompyuta zilichukuliwa pamoja na jokofu na magodoro. Septemba 2019 maduka ya wageni yakavunjwa tena, Jeppestown na Malvern na katikati ya mji.

Wezi wa kawaida nao wapo, na moto wa majengo ya katikati ya mji upo. Yote hayo yana tabia moja: huchukua kisanduku kizima. Wale wasomi wa Berkeley walikuwa wakijibu swali la diski kufa. Hawakuulizwa habari za nyumba kuvamiwa. Muuzaji wa dukani anapomwambia mteja kwamba sanduku la diski mbili limeshamaliza kazi ya kuweka nakala ya akiba, anamdanganya, hata kama hajui kwamba anadanganya. Diski mbili zilizolala kitanda kimoja huibwa pamoja. Nakala ya akiba ni ile iliyo nyumba nyingine, na kwa mtu aliye mgeni katika mji huu, heri iwe nchi nyingine.

Na ajabu ni kwamba Johannesburg iliwahi kutufanyia sisi Waswahili kazi hiyo hiyo. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vichwani mwa watu. Baadaye Mwalimu Sikujua, naye wa Mombasa, aliyakusanya, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor aliyanakili na kuyawekea maelezo. Karatasi za Taylor leo ziko London, katika maktaba ya SOAS. Lakini kitabu chenyewe, Diwani ya Muyaka, kilichotayarishwa na William Hichens, kilichapishwa mwaka 1940 hapa Johannesburg na chuo kikuu cha Witwatersrand. Ndio mwaka ambao London ilianza kupigwa mabomu usiku baada ya usiku. Maneno yaliyotungwa kwenye vichochoro vya Mombasa yakawa na makao kusini kabisa, katika nchi ambayo Muyaka hakuikanyaga, kwenye mfululizo uliokuwa umekusudiwa hasa lugha za kusini. Miaka hiyo hiyo ya 1940 mashine hizo hizo zilimchapisha Shaaban Robert, Pambo la Lugha. Wengi wetu hupita mbele ya chuo hicho kila siku kwenda Braamfontein kazini.

Kilichotuwezesha sisi kufanya mfano wa hayo ni waya wa baharini. Seacom ulizinduliwa Julai 2009, ukipanda ufukweni Mtunzini katika KwaZulu-Natal, Maputo, Dar es Salaam na Mombasa, njia ile ile ya majahazi. Machi 2010 kampuni ya MWEB ilianza kuuza laini isiyo na mpaka wa mwezi. Mwaka 2014 wakazi wa Parkhurst, mtaa wa wenye nafasi, walikubaliana na Vumatel wachimbiwe nyaya za nuru, na mitaa mingine ikafuata. Kwetu zilifika kwa kuchelewa, kama kawaida. Lakini zilipofika, zile gigabaiti 100 za harusi zilipita kwa usiku mmoja au miwili. Sasa yupo anayenunua visanduku viwili vya aina moja, kimoja akikiacha Johannesburg na kingine akikipeleka kwa dada yake Kariakoo, na saa nane za usiku, watu wamelala, kimoja humpelekea mwenzake yaliyobadilika mchana. Hakipeleki yote, hupeleka mabadiliko tu, ndiyo maana inawezekana.

(Diski zilipanda bei ghafla mwishoni mwa 2011, baada ya mafuriko ya Thailand kuingia kwenye viwanda. Waliokuwa wamepanga kununua mbili walinunua moja.)

Waya unaotoa pia huingiza. Julai 2019 mashine za City Power, kampuni ya umeme ya mji huu, zilifungwa na wahalifu wa mtandaoni, na wenye mita za kulipia kabla wakashindwa kununua umeme. Oktoba mwaka ule ule mji wenyewe ulivamiwa, ukadaiwa bitikoini, ukakataa kulipa. Wahalifu wale hawakubagua wadogo. Aprili 2021 maelfu ya visanduku vya QNAP duniani vilikuta mafaili yao yamefungwa na barua ya kudai fedha imeachwa. Juni 2021 watu wenye My Book Live za Western Digital, ambazo kampuni ilikuwa imeacha kuzitengenezea programu mpya tangu 2015, waliamka wakakuta zimefutwa. Vilivyodhurika ni vile vilivyofunguliwa mlango wa moja kwa moja kwenye intaneti. Fundi yeyote anayekufungulia mlango huo ili uone picha zako ukiwa safarini, mwambie aufunge. Na nakala iliyoko Kariakoo iwekwe kwa namna ambayo cha Johannesburg hakiwezi kufuta ya zamani, ama sivyo ugonjwa husafiri na tiba.

Limebaki la ufunguo. Mzee mmoja wa hapa, aliyekuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana, alipofariki, kisanduku chake kilibaki kikivuma sebuleni wakati wa matanga. Ndani yake mlikuwa na michango ya watu ya miaka kumi na zaidi: nani amelipa, nani anadaiwa, maiti gani ilisafirishwa kwa gharama gani. Alikuwa amekifunga kwa siri kali, kama alivyofundishwa kwa sababu ya wezi, na neno la siri alikwenda nalo. Wanawe walijaribu majina yote ya ukoo. Chama kilirudia mahesabu kwa risiti za karatasi zilizokuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda cha mwenyekiti, na kazi hiyo ilichukua miezi minne.

Mweka hazina wa sasa ni mwanamama mwenye duka la nguo. Neno la siri la kisanduku kipya ameliandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi mbili. Bahasha moja imefungwa kwa gundi na kukabidhiwa mwenyekiti mbele ya mashahidi. Ya pili ilikwenda Tanga na msafiri wa basi, mwezi wa pili, na tumeshapata habari kwamba ilifika.